Shajara ya mradi: kupanga upya profaili za ruhusa kwenye mfumo wa benki mtandaoni

Wiki ya 1: kujua kilichopo

Kazi imeanza na orodha; hakuna kilichobadilishwa bado isipokuwa jambo moja lililoelezwa hapa chini. Kampuni ina akaunti 14, watumiaji 41 na profaili 27 (profaili ni kifurushi cha ruhusa anachopewa mtumiaji). Ripoti tano zimetolewa kwa mkupuo, siku moja, ili zisipishane: watumiaji, profaili, akaunti ambazo kila mtu anazifikia, vikomo vya fedha, na kanuni za uidhinishaji. Ya sita, kumbukumbu za matukio za miezi 12, imeombwa benki, kwa kuwa skrini ya mfumo huu huonyesha siku 90 tu.

Watumiaji 29 wameingia ndani ya siku 90. Watano wamepitisha muda huo bila kuingia. Saba hawajawahi kuingia kabisa, na hao ndio waliotushughulisha kwanza. Mtumiaji ambaye hajawahi kufungua mlango bado ana nenosiri la kuanzia lililotumwa mahali fulani, na atakayeliokota ndiye atakayesajili simu yake kuwa kifaa cha uthibitisho. Wote saba wamesimamishwa siku hiyohiyo.

Kati ya profaili 27, 11 zina mtu mmoja mmoja na 6 hazina mtu. Majina yanasema yenyewe: "Mhasibu", "Mhasibu 2", "Mhasibu mpya", "Mhasibu likizo". Kila mtu alipohitaji kitu kidogo zaidi, profaili ilinakiliwa na kuongezwa kiraka, na nakala haikufutwa.

Tahadhari kwa atakayerudia hatua hii: ripoti ya profaili haisemi yote. Mfumo unaruhusu kumwongezea mtu ruhusa mojamoja juu ya profaili yake, na nyongeza hizo zimo kwenye ripoti ya watumiaji peke yake. Watu 9 wanazo. Mmoja yuko kwenye profaili ya kutazama tu, lakini nyongeza yake inamruhusu kuandaa malipo ya nje ya nchi. Kwa hiyo lahajedwali ya kazi imejengwa kwa mtu: mstari mmoja kwa kila mtumiaji, safu moja kwa kila kitendo, na chanzo cha ruhusa kimeandikwa pembeni, kama ni profaili au ni nyongeza.

Orodha imelinganishwa pia na azimio la bodi linalotaja wenye sahihi. Watu 3 wanaidhinisha malipo bila kutajwa humo. Suala hilo limekwenda kwa katibu wa kampuni kabla ya lolote lingine, maana profaili haiwezi kumpa mtu mamlaka ambayo bodi haikumpa.

Wiki ya 2: kuvunja ruhusa kuwa vitendo

Wazo la kufunga ruhusa kwenye jukumu badala ya kuzifunga kwa mtu si geni. David Ferraiolo na Richard Kuhn waliliwekea muundo rasmi mwaka 1992. Ugumu uko katika kuamua jukumu ni nini. Cheo hakifai kuwa kipimo. "Mhasibu" wa tawi moja hulipa wauzaji, mwingine hulinganisha taarifa za benki tu. Wakipewa profaili moja, mmojawao atakuwa na ruhusa asizozihitaji.

Tumetumia maswali matano kwa kila ruhusa: kitendo gani, juu ya aina gani ya malipo, kwenye akaunti zipi, hadi kiasi gani, na nani wa pili. Ruhusa isiyojibu swali la tano imewekwa alama nyekundu. Alama hizo zimeangukia sehemu mbili tu: orodha ya walipwaji na usimamizi wa watumiaji. Malipo yenyewe yalikuwa na mwidhinishaji tangu mwanzo, lakini kubadilisha anayelipwa, au kubadilisha anayeruhusiwa, kulihitaji mtu mmoja. Hapo ndipo nguvu ya mradi itaelekezwa.

Jozi zisizokaa kwa mtu mmoja zimeandikwa hivi: kuandaa malipo na kuyaidhinisha, kutunza walipwaji na kuandaa malipo, kusimamia watumiaji na kufanya chochote kinachogusa fedha, kuidhinisha malipo na kulinganisha hesabu za benki mwisho wa mwezi. Jozi ya mwisho husahaulika kwa sababu ulinganishaji hufanyika nje ya mfumo wa benki, kwenye programu ya uhasibu. Benki ya Barings iliporomoka mwaka 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827, na Nick Leeson aliyesababisha hasara hiyo alikuwa akisimamia biashara na pia kumbukumbu za biashara hiyohiyo. Mfumo wa benki mtandaoni hauwezi kuona muungano wa namna hiyo. Lazima utafutwe kwa mkono, majina ya mifumo miwili yakiwekwa bega kwa bega. Tumempata mtu mmoja.

Suala la kutazama limechukua muda kuliko ilivyotarajiwa. Wengi huona ruhusa ya kutazama haina madhara. Lakini anayetazama taarifa ya akaunti ya mishahara huona mshahara wa kila mtu, hata akifungiwa ukurasa wa mishahara. Dawa iko kwenye faili lenyewe: katika faili la malipo la pain.001 la muundo wa ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa kibenki, kuna kipengele BtchBookg. Kikiwekwa true (ndiyo), maana yake kampuni inaomba kundi zima likatwe kama ingizo moja kwenye taarifa. Benki imethibitisha kwamba inalifuata ombi hilo. Programu ya mishahara ilikuwa inatuma false.

Wiki ya 3: walipwaji

Hii ndiyo sehemu iliyostahili wiki nzima. Ulaghai wa kawaida dhidi ya kampuni hauhitaji kuvunja nenosiri lolote: barua pepe inafika ikionekana imetoka kwa muuzaji, inasema akaunti yake imebadilika, mtu anabadilisha namba kwenye orodha, na waidhinishaji wawili wanaidhinisha kwa moyo safi ankara halali inayokwenda kwenye akaunti ya mwizi. Sahihi mbili juu ya malipo hazisaidii ikiwa jina ni sahihi na namba si sahihi.

Kilichowekwa:

Kuongeza au kuhariri mlipwaji kumeondolewa mikononi mwa waandaaji na kupewa profaili ya pekee, "Mtunza walipwaji", yenye watu 2. Kila badiliko husubiri mtu wa pili alithibitishe. Anayethibitisha hupiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye faili la muuzaji tangu zamani, kamwe si ile iliyo kwenye barua ya ombi, na huandika tarehe ya simu kwenye sehemu ya maelezo.

Malipo huru, yaani yale ambayo mwandaaji huandika namba ya akaunti papo hapo bila kupitia orodha, yamefungwa kwa wote. Swichi yake haikuwa kwenye ukurasa wa walipwaji. Ilikuwa ndani ya kila aina ya malipo: uhamisho wa ndani ya benki, malipo ya benki nyingine, malipo ya nje ya nchi, na malipo ya mkupuo, yaani mengi ndani ya faili moja. Tulizima swichi tatu za kwanza na kudhani tumemaliza. Faili la mkupuo liliendelea kupokea namba zisizo kwenye orodha mpaka swichi ya nne ilipozimwa.

Jaribio moja tunalolipendekeza kwa kila mwenye mfumo wa aina hii: andaa malipo madogo, yaache yakisubiri, badilisha namba ya mlipwaji, kisha tazama malipo yale yanabeba namba ipi. Kwenye mfumo huu malipo yaliyokwisha kuandaliwa yalibaki na namba ya zamani, lakini violezo na malipo ya kujirudia kila mwezi vilichukua namba mpya kimyakimya, bila kuidhinishwa upya. Kwa hiyo uthibitisho wa badiliko la mlipwaji sasa unaambatana na ripoti ya malipo ya kujirudia yanayomhusu mlipwaji huyo.

Wiki ya 4: jedwali la uidhinishaji na vikomo

Waidhinishaji wamegawanywa makundi mawili: A watu 3, B watu 4. Kwa sarafu ya msingi, hadi 1,000,000 anatosha mmoja wa B. Juu ya hapo hadi 10,000,000, mmoja wa B na mmoja wa A. Zaidi ya hapo, wawili wa A. Ngazi hizi hazikuchaguliwa kwa kukisia. Malipo ya miezi 12 yalipangwa kutoka dogo hadi kubwa, na mpaka wa kwanza ukawekwa pale ambapo malipo ya kila siku yanaisha na ya mikataba yanaanza.

Makosa yaliyokutwa kwenye jedwali la zamani:

Pengo la senti. Ngazi ya kwanza iliishia 1,000,000 na ya pili ilianza 1,000,001. Malipo ya 1,000,000.50 hayakuwa na kanuni. Mifumo mingine huyakataa. Huu uliyapeleka kwenye kanuni ya msingi, yaani inayotumika pale ambapo hakuna nyingine, na kanuni ya msingi ilisema mwidhinishaji yeyote mmoja. Ngazi sasa zinaanza na senti 01 baada ya mpaka, na kanuni ya msingi imewekwa kuwa wawili wa A, ili kisichotarajiwa kigonge ukuta mgumu kuliko yote.

Mwandaaji kuhesabiwa kama sahihi ya kwanza. Kulikuwa na alama ya tiki yenye maelezo yasiyoeleweka, iliyomfanya mwandaaji mwenye haki ya kuidhinisha ahesabiwe kuwa ameidhinisha pale anapotuma. Kanuni ya sahihi mbili iligeuka kuwa watu wawili kwa jumla badala ya watatu. Imezimwa.

Kugawanya malipo. Kikomo cha muamala bila kikomo cha siku hakizuii kitu: 2,700,000 hupita kwa vipande vitatu vya 900,000. Kikomo cha siku kimewekwa kwa mtu na kwa akaunti. Kwa mkupuo imebidi kuuliza zaidi, kwa sababu mfumo ulipima kikomo kwa kila mstari wa faili na kuacha jumla. Sasa unapima vyote viwili.

Fedha za kigeni. Vikomo vipo kwa sarafu ya msingi na ubadilishaji hufanyika wakati wa kuandaa, kisha tena wakati wa kuidhinisha. Malipo yaliyokaa siku mbili karibu na mpaka huruka ngazi, na mwidhinishaji huona ujumbe kwamba hana mamlaka. Hili si kosa la kurekebisha. Waidhinishaji wameelezwa tu, ili wasije wakaomba kuongezewa kikomo.

Idadi ya watu nayo ni kikomo cha aina yake. Kanuni ya "wawili wa A" kwenye kundi lenye A wawili husimama mara mmoja anapokwenda likizo, na hapo ndipo tokeni, yaani vifaa vya uthibitisho, huanza kuazimwana. Tumeweka nafasi zinazohitajika, tukaongeza mmoja. Ukaimu umeruhusiwa ndani ya kundi lilelile tu, kwa tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na mfumo haukubali kuuhifadhi bila tarehe ya pili.

Wiki ya 5: wasimamizi wa mfumo

Msimamizi hahitaji ruhusa ya kulipa ili kulipa. Akiwa peke yake anaweza kuunda mtumiaji, kumpa profaili ya mwidhinishaji, na kujisajilia kifaa chake. Au kwa njia fupi zaidi, anaweka upya kifaa cha uthibitisho cha mwidhinishaji aliye safarini na kusajili simu nyingine. Kwa hiyo kila kitendo cha usimamizi sasa kinahitaji msimamizi wa pili: kuunda, kufungua aliyesimamishwa, kubadilisha profaili, kubadilisha kikomo, kuweka upya kifaa. Kitendo kimoja tu kimeachwa cha mtu mmoja, nacho ni kumsimamisha mtumiaji. Kufunga mlango kusisubiri mtu wa pili.

Wasimamizi ni 3, ili wawili wapatikane daima. Hakuna hata mmoja anayegusa malipo, na hakuna aliye chini ya mwenzake kikazi, maana aliye chini huthibitisha alichoambiwa.

Taarifa za barua pepe za kuwekwa upya kwa kifaa zilikuwa zinakwenda kwa msimamizi aliyefanya kitendo. Sasa zinakwenda kwa mwenye kifaa na kwa mkaguzi wa ndani.

Wiki ya 6: majaribio

Profaili mpya ni 8: Mtazamaji wa salio, Mtazamaji wa taarifa, Mwandaaji wa malipo, Mwandaaji wa mishahara, Mtunza walipwaji, Mwidhinishaji A, Mwidhinishaji B, Msimamizi. Kuthibitisha mabadiliko ya walipwaji kumo ndani ya Mwidhinishaji B. Vikomo na akaunti havimo ndani ya profaili. Vimewekwa kwa mtu. Vingewekwa ndani, tungerudi kwenye profaili 27 ndani ya mwaka.

Majaribio 46 yameandikwa, 31 kati yake ni ya kukataliwa: mtu anajaribu asichostahili na mfumo lazima umzuie. Kujaribu kinachoruhusiwa peke yake huthibitisha kwamba kazi inaendelea, haithibitishi kwamba wizi umezuiwa. Malipo ya jaribio yamefanywa kati ya akaunti mbili za kampuni yenyewe, kiasi kidogo, na wahasibu wamearifiwa kabla.

Yaliyoshindwa ni manne.

Programu ya simu ina swichi yake ya ruhusa. Mtazamaji wa salio alizuiwa kwenye kompyuta lakini kwenye simu aliona taarifa kamili. Swichi imeunganishwa na profaili.

Menyu ilifichwa lakini ripoti haikufungwa. Kiungo cha ripoti ya mishahara kilichohifadhiwa kwenye kivinjari kilifunguka kwa mtu asiyeiona kwenye menyu. Hili haliwezi kurekebishwa upande wetu. Limepelekwa benki likiwa na hatua za kulirudia, na mpaka lijibiwe, ripoti hiyo haitengenezwi ndani ya mfumo.

Akaunti mpya. Watumiaji 6 walikuwa na chaguo la "akaunti zote", ambalo linajumuisha zitakazofunguliwa baadaye. Akaunti ya amana iliyofunguliwa wiki hiyo ilionekana kwao asubuhi yake bila mtu kuwapa. Chaguo limeondolewa, akaunti zimetajwa mojamoja.

La nne ndilo zito. Programu ya uhasibu hutuma mafaili moja kwa moja kwenye seva ya benki kwa ufunguo wake wa kidijitali, na mtumiaji wa kimfumo (wa programu, si mtu) anayebeba mafaili hayo alikuwa na ruhusa ya kuandaa na kuidhinisha kwa pamoja. Faili likiingia kwa njia hiyo lililipwa bila mtu kuliona. Kanuni zote za wiki ya 4 zilikuwa hazimhusu. Ruhusa yake ya kuidhinisha imeondolewa, na sasa mafaili yake hutua kwenye foleni ileile ya waidhinishaji, yakiwa na jumla ya fedha na idadi ya mistari ya kulinganisha na ripoti ya uhasibu. Folda ambamo faili hukaa kabla ya kutumwa imefungwa pia isihaririwe, kwa sababu faili la maandishi hubadilishwa kwa sekunde chache.

Wiki ya 7: kuhamisha watu

Hakuna profaili ya zamani iliyohaririwa. Kuhariri profaili inayotumika hubadilisha ruhusa za wote walio ndani yake papo hapo, na kurudi nyuma kunategemea kumbukumbu ya mtu. Profaili mpya zimeundwa kando, watu wakahamishwa kwa mafungu matatu: watazamaji, waandaaji, kisha waidhinishaji. Kila fungu lilihamishwa baada ya saa ya mwisho ya benki kupokea malipo, na hakuna lililohamishwa ndani ya siku tano za mwisho wa mwezi.

Kabla ya fungu la tatu, foleni ya malipo yanayosubiri ilisafishwa. Malipo hubeba kanuni iliyokuwepo yalipoandaliwa. Mwidhinishaji aliyetajwa akiondolewa katikati, yanabaki yakielea, hayalipwi wala hayafutiki. Malipo 4 ya tarehe za mbele yalifutwa na kuandaliwa upya.

Siku ya pili mwandaaji mmoja aliweza kufanya kazi kwa ruhusa za zamani hadi saa 5 asubuhi. Hakuwa ametoka kwenye mfumo tangu siku iliyotangulia, na ruhusa husomwa wakati wa kuingia. Tangu hapo kila aliyehamishwa anatolewa kwa lazima kwanza.

Watumiaji wa zamani wamesimamishwa bila kufutwa. Kwenye mfumo huu ukimfuta mtu, jina lake hugeuka namba kwenye kumbukumbu za matukio, na mkaguzi wa mwakani hataweza kusoma nani alifanya nini.

Wiki ya 8: ukaguzi wa kila robo mwaka

Utaratibu umeandikwa ukurasa mmoja. Anayeacha kazi husimamishwa siku hiyohiyo, kabla ya kukabidhi funguo. Anayehama idara ndiye wa kuangaliwa zaidi: anayeondoka hukumbukwa, anayehama huongezewa ruhusa mpya na za zamani hubaki. Kwa hiyo uhamisho hufanywa kwa kumvua zote kwanza, kisha kumpa upya. Ombi la "mpe kama za fulani" halikubaliwi.

Wakuu wa idara hawapelekewi majina ya profaili kukagua. Hutumiwa sentensi: mtu huyu anaweza kuandaa malipo hadi kiasi hiki kutoka akaunti hizi. Walipopewa majina ya profaili kwenye jaribio la kwanza waliweka tiki kote. Walipopewa sentensi walirudisha masahihisho 5.

Hali ilivyo: watumiaji 31, profaili 8, nyongeza za mtu binafsi 0. Yaliyobaki wazi ni mawili. Ripoti inayofunguka kwa kiungo bado iko kwa benki. Na ufunguo wa seva ya mafaili unaisha muda wake baada ya miezi 4. Anayeubadilisha kwa sasa ni fundi mmoja tu, na kabla ya tarehe hiyo kitendo hicho nacho kiwekewe mtu wa pili.